Kamera iwashwe mlango unapofungwa

Mawakili wanafika mbio na ombi la mwisho mkononi. Mteja wao amebakiza saa chache kabla ya kudungwa sindano ya sumu, na Mahakama ya Rufani za Jinai ya Texas imeshafunga: saa 11 jioni imepita. Msomaji wa The Confession, riwaya ya John Grisham ya mwaka 2010, anaweza kudhani kuwa hapo mwandishi ametia chumvi.

Hakutia. Septemba 25, 2007, Sharon Keller, jaji kiongozi wa mahakama hiyohiyo, alikataa ofisi ibaki wazi baada ya saa 11, huku mawakili wa mfungwa mmoja wakihangaika kuwasilisha ombi lao. Mfungwa yule aliuawa usiku huohuo.

Hata hivyo, uchungu wa kitabu hiki hauanzii mlangoni pa mahakama. Donté Drumm, kijana mweusi ambaye ndiye mteja wa mawakili wa riwayani, ameangamia miaka tisa nyuma, ndani ya chumba cha mahojiano. Wapelelezi wanamchosha kwa saa nyingi, wanamdanganya kwamba kipimo cha uongo kimemuumbua, hadi anakiri kumuua msichana ambaye hata mwili wake haujapatikana. Muuaji halisi anapojitokeza na kusema mbele ya kamera za televisheni, neno lake halifui dafu: Drumm alishakiri. Grisham anamwacha afe, na amefanya vyema. Kumwokoa dakika ya mwisho kungempa msomaji faraja ambayo wengi hawakuipata.

Kasoro ya riwaya iko kwingine. Mwendesha mashtaka ana uhusiano wa kimapenzi na jaji wa kesi, na hapo msomaji hupata wa kumlaumu, akafunga kitabu akiamini kwamba watu waovu wakiondolewa haki itatendeka. Kumbe mfumo hauhitaji waovu ili umpoteze asiye na hatia. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba uongo wa polisi kwa mtuhumiwa, peke yake, haubatilishi maelezo yake ya kukiri. Kwa hiyo mpelelezi mwadilifu kabisa, anayeamini amemkamata mhalifu, anaweza kudanganya na asivunje sheria.

Vijana watano wa New York waliyaona hayo mwaka 1989. Walikuwa na umri wa miaka 14 hadi 16, wakishutumiwa kwa ubakaji na kipigo cha kikatili katika bustani ya Central Park. Wanne kati yao walikiri mbele ya kamera ya video, na wazee wa baraza wakaitazama kanda. Wasichokiona ni saa ndefu za mahojiano zilizotangulia, kwani kamera iliwashwa mwishoni, maneno yakiwa yameshaiva. Mwaka 2002 mfungwa mwingine alikiri kosa hilo, vinasaba vikamthibitisha, na hukumu za watano zikafutwa.

Dawa inajulikana. Mwaka 2003 Illinois ilitunga sheria ya kurekodi mahojiano yote ya kesi za mauaji, si tamati yake tu. Aliyeisukuma katika Seneti ya jimbo ni Barack Obama, na polisi waliipinga mwanzoni. Mwaka 2021 jimbo hilo likawa la kwanza kuwazuia polisi kuwadanganya watoto wanapowahoji. Watu wazima hawakuguswa na sheria hiyo, na Drumm wa riwayani alikuwa na miaka 18.