MGENI AMEMPA MWENYEJI JEMBE

Mwaka 2014 diwani mmoja wa mji wa Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini ya Japani, aliandika hadharani kwamba taifa la Waainu halipo tena. Maneno hayo si mageni masikioni mwetu. Kwanza mtu hunyang'anywa ardhi, kisha hunyang'anywa lugha, na mwisho huambiwa kwamba yeye mwenyewe hayupo. Leo twapenda kumjibu bwana huyo na wote wenye fikira kama zake.

Na tuanze na mji wake. Jina la Sapporo asili yake si Kijapani, ni Kiainu. Miji na mito chungu nzima ya Hokkaido ina majina yanayoishia kwa "betsu" au "nai", na asili yake ni "pet" na "nay", yaani mto na kijito kwa Kiainu. Diwani hulala na kuamka katika mji uliopewa jina na watu anaosema hawapo! Mwenye macho haambiwi tazama.

Wako wengine wanaojifanya wataalamu. Hao husema Waainu si wenyeji, kwani utamaduni wao ulianza karne ya 13 tu. Twauliza: je, utamaduni hushuka kutoka mbinguni pamoja na watu wapya? Uchunguzi wa mifupa na wa chembe za urithi umeonyesha kwamba Waainu wamerithi sehemu kubwa ya damu ya Wajomon, wawindaji na wavuvi walioishi katika visiwa vile maelfu ya miaka kabla ya kilimo cha mpunga kufika. Baadaye walichanganyika na watu wa pwani ya bahari ya Okhotsk. Wajapani nao ni mchanganyiko wa Wajomon na wahamiaji waliotoka bara la Asia. Mbona mchanganyiko ukiwa wa Mjapani haumwondolei haki, na ukiwa wa Muainu unamwondolea?

Tena serikali ya Japani ilikwisha kujishuhudia yenyewe. Mwaka 1899 ilitunga sheria iliyoitwa ya kuwalinda "wenyeji wa zamani" wa Hokkaido. Wenyeji wa zamani! Kama walikuwa wenyeji, ni nani aliyewavua uenyeji wao, na kwa idhini ya nani?

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule Hokkaido mambo yaligeuzwa, mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Mwaka 1869 serikali ilikipa kisiwa jina jipya, ikaihesabu ardhi kuwa haina mwenyewe, ikaleta walowezi. Mwaka 1871 wanawake wa Kiainu wakakatazwa kuchanja chale za midomoni, na wanaume kuvaa vipuli. Mwaka 1876 ikapigwa marufuku mishale yao ya sumu ya kuwindia. Halafu, mto baada ya mto, wakakatazwa kuvua samaki wa samoni, chakula chao kikuu. Walipokwisha kushikwa na njaa, sheria ile ya 1899 ikawaambia: limeni! Kila jamaa ikaahidiwa hekta zisizozidi 5, na ardhi isiyolimwa kwa miaka 15 itwaliwe. Kumbe sheria ya 1897 ilikuwa imemruhusu mtu kutoka nje kupewa hata hekta 500 za kulima. Huo ndio ulinzi! Ulidumu mpaka mwaka 1997.

Sasa twaambiwa mambo yamebadilika. Mwaka 2019 ilitoka sheria inayowatambua Waainu kuwa wenyeji wa asili, na mwaka 2020 likafunguliwa jumba kubwa la makumbusho la taifa huko Shiraoi, ambako wageni hutazama ngoma na nguo za magome ya miti. Sisi hatudharau ngoma wala nguo. Bali twauliza: samoni yuko wapi? Kwa Muainu samaki huyu ni kitoweo, ngozi yake ilishonwa viatu, na wa kwanza wa msimu hupokewa kwa sala, kwa kuwa ametumwa na kamuy, yaani miungu. Ukimnyima mto, umemnyima chakula, kiatu na ibada. Sheria ya 2019 haikumrudishia mto. Waainu wa Urahoro walikwenda mahakamani mwaka 2020 kudai haki ya kuvua mtoni kwao, na Aprili 2024 mahakama ya Sapporo ikawakatalia.

Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1997, ilihukumu kwamba kuitwaa ardhi ya Waainu huko Nibutani kwa ajili ya bwawa kulivunja sheria. Hukumu ilikuwa njema, lakini bwawa lilikuwa limekwisha kujengwa, nalo likaachwa lisimame. Mzee Kayano Shigeru, mmoja wa waliofungua kesi ile, ndiye Muainu wa kwanza kuingia Bungeni, mwaka 1994, na alisimama humo akasema kwa Kiainu. Je, mtu asiyekuwapo husema Bungeni?

Hata wafu hawakuachwa. Hesabu ya mwaka 2013 ilionyesha mabaki ya Waainu zaidi ya 1,600 katika vyuo vikuu vya Japani, na mengi yalifukuliwa makaburini ili mafuvu yapimwe na asili ya watu hawa ijulikane. Wenye mifupa hawakuulizwa. Jamaa zao walilazimika kushitaki ndipo baadhi yao warudishwe kuzikwa, mwaka 2016.

Neno Ainu maana yake ni mtu. Mtu hatambuliwi kwa karatasi huku mkono mwingine ukimzuia asitupe wavu. Sisi tunaoijua vema hadithi ya "ardhi isiyo na mwenyewe" hatuhitaji mkalimani katika jambo hili. Twasema wazi: mifupa irudi makaburini, lugha irudi mashuleni, na Muainu arudishiwe mto wake. Jembe lile mgeni na alichukue mwenyewe.