Sufuria la Maharagwe na Kimo cha Ziwa

Askari akihamishwa kutoka Bujumbura kwenda kwenye vilima vya Mugamba huchukua na jamaa yake, na huko jambo la kwanza kumshangaza mama wa nyumba ni maharagwe. Kuni ni zile zile, sufuria ni lile lile, maji yanatokota kwa kishindo, lakini maharagwe hayaivi kwa muda uliozoeleka. Maharagwe hayana kosa. Bujumbura iko kando ya ziwa, karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yafikapo kama nyuzi 97 za sentigredi. Mugamba, penye mita 2,000 na kuzidi, hewa ina uzito mdogo zaidi, nayo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Hata moto ukichochewa namna gani, joto la maji halipandi zaidi ya hapo.

Kwa siri hiyo hiyo ya jikoni wasafiri wa karne ya 19 walipima mwinuko wa nchi. Walichemsha maji, wakasoma kipimajoto, wakahesabu: kila mita 300 za kupanda hupunguza takriban nyuzi moja. Njia ni nyepesi, ila kosa dogo la kipimajoto huzaa kosa kubwa la kimo.

Ndivyo ilivyowapata Waingereza Burton na Speke, waliofika Ziwa Tanganyika Februari 1858, wakiwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay. Vipimajoto vyao vizuri vilikuwa vimeharibika njiani, wakabaki na kimoja cha kawaida cha kuogea. Kikawaambia kwamba ziwa liko futi 1,850, yaani mita 564 tu. Walipungukiwa na zaidi ya mita 200, na kosa la kipimajoto lililotosha kuleta upungufu huo halikufika hata nyuzi moja.

Miaka sita baadaye Samuel Baker akafika Ziwa Albert, akalipa futi 2,720, yaani mita 829. Naye alikosea kwa zaidi ya mita 200, lakini kwa upande wa pili: aliliinua ziwa ambalo kwa kweli liko kama mita 620. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa wakigombania chanzo cha Nili, na Burton alidai kwamba huenda maji ya Tanganyika yanatoka kwa mto Rusizi kuelekea kaskazini. Wapinzani wake wakamwonyesha tarakimu: maji hayapandi mlima, na Albert liko juu kuliko Tanganyika. Burton akajibu kuwa kipimajoto kilidanganya. Katika hilo alikuwa na haki, maana Tanganyika ndilo lililo juu; na bado dai lake la Nili lilikuwa la makosa. Si mara nyingi hesabu mbovu kiasi hicho huleta jibu sahihi.

Aliyetaka ukweli ilimpasa aende Rusizi akautazame mto. Mwishoni mwa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji hadi ncha ya kaskazini, wakaona mto ukiingia ziwani. Wenyeji walikuwa wamekwisha kumwambia Burton hivyo hivyo mwaka 1858. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lina tarehe ya safari hiyo, 25 Novemba 1871.

Latitudo haikuwasumbua wasafiri kiasi hicho, kwani hupimwa kwa jua au nyota. Karibu na tarehe 21 Machi jua huwa juu ya ikweta kamili. Siku hiyo mti wa mita moja ukisimamishwa wima Bujumbura, jua lifikapo kilele huacha kivuli cha sentimita 6 hivi, kikielekea kusini. Kivuli hicho ni sawa na pembe ya nyuzi 3 na dakika 23, nayo ndiyo latitudo ya mji, kusini mwa ikweta. Siku nyingine hutumika majedwali ya jua.

Longitudo hutaka saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, hivyo tofauti kati ya mchana wa Greenwich na mchana wa mahali ndiyo longitudo. Bujumbura iko nyuzi 29 na dakika 22 mashariki. Saa ikikosea dakika 4, mji huhama kwenye ramani kilomita 111, hata uangukie Kongo. Saa za serikali ni jambo jingine: msafiri wa Bujumbura akishuka Kigoma husogeza mbele saa yake kwa saa nzima, ilhali jua la Kigoma hutangulia kwa dakika moja hivi tu.

Leo simu ya mkononi hufanya kazi yote kwa kupokea saa za setilaiti nne au zaidi. Mahali huonyesha vizuri. Kimo ni shida. Setilaiti hupima kutoka umbo laini la dunia lililokokotolewa, wala si kutoka usawa wa bahari, na bila masahihisho tofauti huweza kupita mita kumi. Kwa askari apandaye mlima si neno. Kwa jamaa ya Gatumba ni neno kubwa, maana mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumbani mwa watu, na kwenye tambarare ile mita moja hutenga chumba kikavu na chumba chenye maji. Hapo huitwa mpima ardhi na darubini yake na fimbo yenye alama. Huanzia kwenye jiwe ambalo kimo chake kinajulikana, akasogea kituo kwa kituo, akiandika sentimita, mpaka kizingitini mwa mlango.