Kuchelea Si Kuchelewa

Alhamisi ya tarehe 13 Machi 2025 nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya duka moja karibu na stendi ya Muleba, nikingoja gari la kunirudisha Bukoba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na gari letu, kama ilivyo ada yake, lilikuwa halijajaa. Kando yangu walikuwapo vijana wanne au watano, kila mmoja na simu mkononi. Mmoja wao akasoma habari kwa sauti: roketi iliyokuwa iwapeleke wanaanga wanne kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kutoka Florida nchini Marekani, ilikuwa imeahirishwa ikiwa imebaki chini ya saa moja iruke. Wanaanga walikuwa wamekwisha kufungwa mikanda vitini. Wakaambiwa washuke.

Vijana wakaangua kicheko. “Kumbe na roketi nayo hungoja abiria ijae!” akasema mmoja, na hata mimi nikacheka. Mwingine akasema Wamarekani nao wamekwisha, mambo yamewashinda. Wa tatu, ambaye hapana shaka alipata kufundishwa methali na mtu wa rika langu, akahitimisha: “Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.” Kisha akanigeukia: “Au siyo, Mwalimu?”

Sikumjibu papo hapo. Nilikuwa nikilitafakari lile neno, “chelewa”. Gari letu la Bukoba lilikuwa limechelewa. Roketi ya Florida nayo, kwa kauli ya vijana wale, ilikuwa imechelewa. Neno moja lilikuwa limefunika mambo mawili ambayo, nionavyo mimi, ni kama mchana na usiku. Tangu siku ile nimekuwa na nia ya kuandika haya.

Tuanze na lugha. Kuna vitenzi viwili vinavyofanana sura katika Kiswahili, na ufanano huo unapotosha. Kimoja ni “-cha” cha mapambazuko, kile tunachokisikia katika “kumekucha”. Kutokana nacho ndipo lilipozaliwa “kuchelewa”, yaani kukutwa na asubuhi ungali umelala. Aliyechelewa ni mtu aliyepitwa na jua. Kitenzi cha pili ni “-cha” cha hofu na heshima, kile tunachokisikia katika “kumcha Mungu”. Kutokana nacho tunapata “kuchelea”, yaani kuhofia jambo lisije likatokea na kujihadhari nalo mapema. Mwenye kuchelewa amelala. Mwenye kuchelea yu macho, pengine yu macho kuliko wote waliomzunguka.

Kilichotokea Florida usiku ule kilikuwa kuchelea. Mafundi waliona hitilafu katika mfumo wa majimaji unaouendesha mkono wa chuma unaoishika roketi pale jukwaani. Roketi yenyewe ilikuwa nzima, hali ya hewa haikuwa na neno, na dunia nzima ilikuwa ikitazama. Tena palikuwa na sababu kubwa ya kuharakisha. Huko juu walikuwako wanaanga wawili, Barry Wilmore na Sunita Williams, walioondoka duniani tarehe 5 Juni 2024 kwa safari iliyopangwa kuchukua takriban siku 8, nao walikuwa wamekwisha kukaa miezi 9 kwa sababu chombo kilichowapeleka kilionekana si salama kuwarejesha. Walikuwa wakiwangoja hao wanne wa kuwapokea zamu. Pamoja na hayo yote, mtu mmoja mwenye mamlaka alisema: si leo. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Machi kwa saa za kwao, roketi iliruka. Tarehe 18 Wilmore na Williams wakashuka baharini salama, baada ya siku 286.

Vijana wa Muleba hawakuwa peke yao kucheka. Kila roketi inapoahirishwa, watu hununa, hufanya mizaha, husema fedha zinapotea bure. Mzaha wa namna hiyo una historia, na historia hiyo inanigusa kwa sababu ya kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mwezi Januari 1986 nilikuwa mwanachuo wa ualimu. Tulisikia redioni kwamba chombo cha Marekani kiitwacho Challenger kimelipuka kikiwa kimebeba watu 7, na kwamba mmoja wao ni mwalimu. Habari hiyo ilitunyamazisha bwenini. Mwalimu huyo aliitwa Christa McAuliffe, alikuwa na umri wa miaka 37, akifundisha maarifa ya jamii katika shule ya sekondari ya Concord, jimbo la New Hampshire. Alichaguliwa miongoni mwa waombaji zaidi ya 11,000. Alikusudia kufundisha vipindi akiwa angani, na wanafunzi wengi wa nchi yake walikuwa mbele ya televisheni madarasani wakimtazama akiondoka. Sekunde 73 baada ya kuruka, ikawa basi.

Miaka mingi ilipita ndipo nilipoyasoma yaliyotangulia asubuhi ile. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara kadhaa katika siku chache: mara kwa hali ya hewa, mara kwa mpini wa mlango uliokataa kufunguka. Waandishi wa habari walikuwa wamekwisha kuanza kukejeli. Jioni ya tarehe 27 Januari, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walishauri chombo kisiruke, kwa sababu baridi ya usiku ule ingezikakamaza pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hizo. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameonya kwa maandishi tangu Julai 1985. Wakubwa wao waliusikiliza ushauri, kisha wakautengua. Asubuhi ya tarehe 28 chombo kikaruka.

Mara nyingi hujiuliza: tuseme wahandisi wale wangesikilizwa. Chombo kingebaki jukwaani siku nyingine mbili tatu, magazeti yangeandika vichekesho, na mwalimu McAuliffe angefundisha vipindi vyake na kurudi nyumbani. Hakuna hata mtu mmoja ambaye angemshukuru Boisjoly. Wenzake wangemkumbuka kama mtu mwoga aliyewatia hasara. Ndiyo mitihani ya mwenye kuchelea: akisikilizwa, baya halitokei, na baya lisilotokea halina shahidi.

Nami nilipata kuwa miongoni mwa wasioshukuru. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilitumwa pamoja na walimu wenzangu wawili kwenda kwenye kimoja cha visiwa vya Wilaya ya Muleba. Tulifika mwaloni saa tisa alasiri. Ziwa lilikuwa tulivu, na mtumbwi wa injini ulikuwa tayari. Mzee mwenye mtumbwi akasimama akatazama upande wa visiwa kwa muda, akasema, “Walimu, leo hatuendi.” Tukamwuliza sababu. Akasema upepo haujamkalia vizuri. Nilikuwa kijana, nilikuwa na barua ya kazi mfukoni, na niliona najua mambo. Nilimwambia maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mzee wa rika la baba yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga kamba ya mtumbwi wake, akatuonyesha mahali pa kulala.

Usiku ule upepo haukuvuma. Nililala nikisikiliza ziwa, na kila saa lilivyozidi kutulia ndivyo hasira yangu ilivyozidi kupanda. Asubuhi tulivuka, tukafanya kazi yetu, tukarudi. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha mzee mwoga. Leo nakisimulia kwa aibu. Utulivu wa usiku ule haukuthibitisha kwamba mzee alikosea. Ulithibitisha tu kwamba tuliamka. Aliona jambo kwa macho yaliyolizoea ziwa kuliko yangu, akakubali kutukanwa na mtoto kuliko kumpeleka asikokuwa na hakika nako. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, wala sikupata kumwambia ahsante.

Sisi watu wa Kagera ndio wa mwisho tunaopaswa kumcheka anayesema “ngojeni”. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa na nafasi ya abiria takriban 430, ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, imejaa kupita uwezo wake. Waliopoteza maisha ni zaidi ya 800. Idadi kamili haikupatikana, kwani abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa majina. Hapa kwetu kuna familia ambazo mwezi Mei hauingii bila matanga kurudi moyoni. Meli iliyojaa kupita kiasi huokolewa gatini, kabla ya kung’oa nanga, na mtu wa kuamuru kwamba nusu ya watu washuke. Basi na tujiulize kwa unyofu: kama amri hiyo ingetolewa jioni ile, sisi wenye ndizi zetu, wagonjwa wetu na shughuli zetu Mwanza, tungeipokeaje? Nawajua watu wetu, nami najijua. Tungepiga kelele. Tungesema tumechelewa.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022. Ndege iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na uwanja wetu wa Bukoba. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili; 24 waliokolewa, na wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Sina elimu ya kumhukumu yeyote katika msiba ule, wala si nia yangu. Nasema tu kwamba tangu siku ile, inapotokea ndege ya Bukoba ikarudishwa Mwanza kwa sababu ya mawingu, na abiria wakaanza kulalamika, mimi huona vigumu kulalamika pamoja nao.

Hapa najua nitaulizwa: Mwalimu, mbona basi lenu la Muleba nalo hukulishukuru kwa kuchelewa? Swali ni la haki. Nchi yetu imejaa ucheleweshaji usio na hata chembe ya kuchelea ndani yake: daktari asiyekuja zamu, faili lililolala mezani, mshahara wa mwalimu mpya unaopita miezi. Huko methali ya yule kijana inafaa kabisa, na ile isemayo kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo inafaa zaidi. Sitaki mtu ajifiche nyuma ya makala haya akauita uzembe wake tahadhari.

Ila kuna njia ya kuvitambua viwili hivi, nayo ni maneno. Mwenye kuchelea husema. Florida walisema nini kimeharibika, kiko wapi, na lini watajaribu tena. Mzee wa mtumbwi alisema upepo, akatuonyesha pa kulala. Mwenye kuchelewa hana la kusema zaidi ya “subirini kidogo”, na hicho kidogo hakina mwisho. Kwa hiyo anayetuzuia ana deni la maelezo, nasi tunaozuiwa, tukishapewa maelezo, tuna deni la subira.

Washairi na walimu wa lugha tuna sehemu yetu hapa. Tunawafundisha watoto kwamba “mchelea bahari si msafiri”, tukaishia hapo, kana kwamba kila mwenye hofu ni mwoga. Methali hiyo inamsema asiyesafiri kamwe. Haimsemi nahodha anayeiogopa dhoruba ya leo ili asafiri kesho. Karibu yake tuwafundishe na “kawia ufike”, methali ya maneno mawili tu, ambayo mzigo wake wote umo katika neno la pili. Na tuwafundishe kutenganisha kuchelewa na kuchelea. Mtoto asiye na maneno mawili ya mambo haya mawili atamcheka fundi mwangalifu kama anavyomcheka dereva mzembe, na akikua, akapewa yeye mamlaka ya kusema “si leo”, ataogopa kicheko kuliko ajali.

Gari letu lilijaa hatimaye. Kabla ya kupanda nilimjibu yule kijana kwa ufupi, nikamwahidi kwamba mengine nitayaandika. Nayafunga kwa beti mbili, kama ilivyo desturi yetu:

Msimcheke gatini, nahodha akikawisha,
Ametazama angani, wingu limemuonyesha,
Safari si ushindani, pupa haitatuvusha,
Aliyesema ngojeni, ndiye ametufikisha.

Maji hayana hodari, hayajui cheo chako,
Wala anga haikiri, haraka ya moyo wako,
Kesho ina usafiri, rudi ukalale kwako,
Aliyesema ngojeni, ndiye ametufikisha.