Apandisiti haingoje asubui

Huku Kivu ya Kusini, tumbo likianza kuuma usiku, neno la kwanza nyumbani ni minyoo ao tifoidi. Mama anachemsha majani, jirani analeta bomba, mgonjwa anaingiziwa dawa ya miti kwa nyuma. Kukicha wanakimbilia farmasi ya karibu, wanauziwa vidonge vya kutuliza. Siku ya tatu ndipo kipoyi kinateremka mlima wa Kalehe, na tumbo limekwisha kuwa gumu kama ubao. Akifariki, mtaa mzima unasema hospitali imemuua, na zile siku mbili za nyumbani hakuna anayezihesabu.

Apandisiti ni ugonjwa wa kipande kidogo cha utumbo, mfano wa kidole, kilicho pale utumbo mkubwa unapoanzia, chini upande wa kuume. Kikizibwa, mara nyingi na mavi makavu, kinavimba, kinaoza, kisha kinapasuka na usaha unaenea tumboni. Wengi wanasingizia mbegu za mapera na mawe ya mchele, lakini ni mara chache sana hizo zinakuwa sababu.

Kwa kawaida maumivu yanaanza karibu na kitovu, na kisha masaa machache yanahamia chini kuume. Mgonjwa anakataa chakula, anatapika, anapata homa, anatembea ameinama, hata kukohoa kunamuumiza. Kwa mtoto mdogo, mzee na mama mwenye mimba, dalili zinaweza kujificha. Tena maumivu yakikatika ghafula jamaa inamshukuru Mungu, kumbe pengine kimepasuka.

Woga wa kupasuliwa hautoke bure. Kuna hospitali zinazodai feza kwanza, na zinazomzuilia aliyepona mpaka deni liishe. Wakubwa wa afya wasiwalaumu wakaaji peke yao. Lakini operesheni ya mapema inaacha kovu dogo na siku chache kitandani. Tumbo lililojaa usaha linaomba majuma hospitalini na deni kubwa zaidi.

Muuguzi wa kituo cha afya akiona maumivu ya namna hiyo, aandike barua ya kumtuma mgonjwa hospitali kuu siku ile ile, asimtundikie serumu siku mbili akingojea. Njiani mgonjwa asipewe chakula. Na jamaa imuambie daktari dawa zote alizokwisha kupewa, hata ile ya bomba, bila haya.