Mapafu ya kichinjo tusimtupie mbwa

Siku za kuchinja zikikaribia, nyua nyingi za Arusha hufungwa mbuzi na kondoo walioletwa kutoka miteremko ya Mlima Meru. Nyama twaigawa kwa jamaa, majirani na mafukara. Pafu lililoonekana bovu twalitupa nyuma ya ua, mbwa akalichukua. Hapo ndipo maradhi yanapoanzia.

Kwenye mapafu na maini ya mifugo huonekana vifuko vyeupe vilivyojaa maji. Kumbukumbu za machinjio ya Arusha za 2005 hadi 2007 zilionyesha vifuko hivyo kwa ng'ombe 4 hivi katika kila 100, na kwa mbuzi na kondoo 6 hivi katika kila 100. Ndani yake mna vijidudu vya tegu. Mbwa akivila, hukua tumboni mwake vikawa minyoo ya milimita chache tu, na mbwa mwenyewe huonekana mzima. Mayai hutoka na kinyesi chake, yakashika majani, mboga, maji hata manyoya yake.

Mtoto aliyemshika mbwa, kisha akala bila kunawa, huweza kuyameza. Kifuko humkulia kwenye ini au pafu polepole, kwa miaka, bila maumivu, hata siku ile kikohozi na kukosa pumzi vinapompeleka hospitali. Huweza kudhaniwa ni kifua kikuu. Mara nyingi tiba yake ni upasuaji.

Tusimlaumu mbwa, amekula alichotupiwa, na mkono uliotupa ni wetu. Dini imetufunza kuosha mara saba chombo alichokilamba, na imetufunza pia kuwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kuna ujira. Usafi na huruma havigombani.

Basi kabla ya kuchinja, tuchimbe shimo refu. Kiungo chenye vifuko tusikipasue. Tukichome moto au tukifukie, na juu tuweke mawe mazito ili mbwa wasifukue. Tumwite afisa mifugo akague nyama. Wenye mbwa wa ulinzi wamuulize dawa ya minyoo iitwayo prazikwantel, nao wasiwalishe viungo vibichi. Mboga tuzioshe kwa maji safi, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo kucheza.

Shimo hilo ni kazi ya nusu saa, nalo humkinga mtoto wetu na mtoto wa jirani.