Kentucky: Gavana aliyeshindwa uchaguzi azuiwe kusamehe wafungwa?

Umeshindwa uchaguzi, umebakiza wiki chache ofisini, lakini kalamu bado ni yako. Utamsamehe nani?

Ndivyo ilivyotokea Kentucky, Marekani. Novemba 5, 2019, Gavana Matt Bevin aliangushwa na Andy Beshear. Kabla ya kuondoka Desemba, alitoa misamaha na kupunguza vifungo zaidi ya 600. Wengi walikuwa wa makosa madogo ya dawa za kulevya. Ila walikuwemo pia waliohukumiwa kwa mauaji na ubakaji.

Kesi moja ndiyo iliyowasha moto. Mtu aliyefungwa miaka 19 kwa kusababisha kifo alitoka baada ya takriban miaka miwili. Kumbe mwaka 2018 familia yake ilimfanyia Bevin harambee iliyoingiza dola 21,500! Bevin alikanusha kwamba pesa zilihusika. Baadaye mahakama ya shirikisho, ambayo msamaha wa gavana hauigusi, ilimhukumu mtu huyo miaka 42 kwa kifo kilekile.

Sasa bunge la jimbo limepitisha pendekezo la kurekebisha katiba, na wapiga kura wanaulizwa Novemba 2026. Likipita, gavana hataweza kusamehe wala kupunguza kifungo kuanzia siku 60 kabla ya uchaguzi wa ugavana hadi siku ya kuapishwa.

Hoja ni rahisi: kama unataka kusamehe, samehe wakati wananchi bado wanaweza kukuadhibu kwenye kura.

Lakini kuna pengo. Kentucky hairuhusu gavana kuongoza zaidi ya mihula miwili mfululizo. Aliye kwenye muhula wa mwisho haogopi kura, hata akisaini mwezi mmoja kabla ya dirisha kufungwa. Na mfungwa mwenye haki ya kusamehewa huenda akasubiri miezi mitatu bure.

Njia nyingine ipo. Kenya, ambako magavana wa kaunti hawana mamlaka haya, Rais husamehe kwa ushauri wa kamati iliyowekwa na Kifungu cha 133 cha Katiba. Kentucky inabana kalenda tu. Uamuzi wenyewe unabaki kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo dirisha litazuia fujo za dakika za mwisho, na hilo si dogo. Ila mwenye harambee anaweza tu kuja mapema.