Mlima na Kijiji cha Derbyshire: Mafunzo kwa Familia

Familia nyingi miongoni mwetu zina jamaa Uingereza, na kila likizo ya kiangazi huja na swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi pasipo gharama kubwa, nao warudi wakiwa wamefaidika? Wiki hii tunapendekeza Derbyshire, kaunti ya kale iliyoko katikati ya nchi hiyo.

Mambo ya kutazama ni mengi. Liko kasri la Chatsworth kando ya mto Derwent, na viko viwanda vya kale vya Cromford, ambako mwaka 1771 Richard Arkwright alianza kusokota pamba kwa nguvu ya maji. Yako mapango ya Castleton, na iko njia ya Monsal, iliyopita reli zamani. Leo wapita kwa miguu na baiskeli, ndani ya mahandaki na juu ya madaraja. Kwa kuwa ni tambarare, hata wazee na vigari vya watoto huipita bila taabu.

Lakini tungependa watoto wetu wasirudi bila kujua habari za mahali pawili.

Pa kwanza ni mlima Kinder Scout, wenye urefu wa mita 636. Zamani nyanda zake zilikuwa milki ya matajiri waliowinda ndege humo, na mfanyakazi wa viwandani aliyetaka kupunga hewa alifukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao kutoka Manchester, waliupanda bila ruhusa. Watano walifungwa jela, akiwemo Benny Rothman, kijana wa miaka 20. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo hilo la Peak District likawa hifadhi ya kwanza nchini humo. Anayepanda leo halipi kiingilio.

Pa pili ni kijiji cha Eyam. Mwaka 1665 tauni iliingia humo, na yasimuliwa kuwa ililetwa na viroboto ndani ya kitambaa kilichotoka London. Wanakijiji, wakiongozwa na kasisi wao William Mompesson, waliamua asitoke mtu, wasije wakawaambukiza majirani. Chakula kililetwa mpakani, na sarafu za malipo ziliachwa ndani ya matundu ya jiwe yaliyotiwa siki. Wapatao 260 walifariki. Mama mmoja, Elizabeth Hancock, alizika mume na watoto sita katika siku nane. Jiwe lile lingalipo, na makaburi yale yangalipo.

Muislamu asomapo habari hii hukumbuka mara moja mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya tauni: aliye nje asiingie, na aliye ndani asitoke kuikimbia. Mtoto aliyefundishwa Hadithi hiyo madrasa, akasimama mbele ya jiwe la Eyam, atafahamu uzito wa neno "asitoke" kuliko tuwezavyo kumweleza nyumbani.

Ndipo tunaposema kwamba mahali pawili hapa pakamilishane katika malezi. Kule mlimani watu walidai haki yao. Huku kijijini watu walijinyima haki yao ili wengine wasalimike. Mtoto anayejua la kwanza tu huwa mbinafsi, na anayejua la pili tu huonewa.

Wanaokwenda wachukue viatu imara na makoti ya mvua, hata kama asubuhi jua linawaka, kwani hali ya hewa milimani hubadilika ghafla. Wachukue chakula chao, maji ya kutosha kunywa na kutawadha, mkeka na dira ya kujulia kibla. Mwezi Juni jua huchelewa sana kutua, hivyo nafasi ya Adhuhuri na Alasiri ni pana. Majira ya baridi swala hizo hukaribiana, na safari sharti ipangwe kwa kuzifuata. Malango ya malisho yafungwe baada ya kupita, kondoo wasisumbuliwe, na takataka zirudi nyumbani pamoja na wenyewe.

Njia ile ilifunguliwa kwa jasho la watu. Tuipite kwa adabu, na tuwaachie watakaokuja nyuma yetu ikiwa safi kama tulivyoikuta.